Maji ya Moto ni Mtumishi, Si Mganga



Wazee walituachia mithali isemayo: Maji ya moto hayaunguzi nyumba. Ni kweli, nyumba haiungui. Lakini mtoto anaungua, na mguu wa mgonjwa unaungua. Tena maji hayo hayo yanaweza kulegeza goti la babu hata akasimama mwenyewe asubuhi. Basi si vema kuyasifu bila akili, wala si vema kuyadharau.

Hapa Kasongo na kule Kabambare watu hutuuliza mara nyingi: “Mgonjwa wangu amepooza. Dawa za hospitali hazikumwinua. Tumesikia kuna mahali maji yanatoka ardhini yakichemka, na watu wanaoga na kupona. Je, tumpeleke?” Wanaouliza hivyo wamekwisha kufikiri juu ya mbuzi wa kuuza, na mpunga wa kuuza, na nani atakayembeba mgonjwa kwa baiskeli au kwa pikipiki hata Lualaba na kupita. Ni swali kubwa, maana mali ya nyumba nzima imo ndani yake, na pengine uhai wa mtu. Kwa hiyo nataka kulijibu wazi.

Jibu langu ni hili: Maji ya moto ni mtumishi mwema, lakini si mganga. Wema wake mwingi unaweza kuupata katika ua wako, kwa chungu na kitambaa. Na yale ambayo maji hayawezi kufanya, hayawezi popote, hata ukisafiri mwezi mzima.

MAJI YATOKAYO ARDHINI

Upande huu wa mashariki ya Afrika ardhi ina moto chini yake. Maji ya mvua hushuka ndani sana katika nyufa za miamba, hupata joto, kisha hupanda tena juu yakiwa na chumvi za namna nyingi. Hakuna uchawi ndani yake, wala pepo. Katika Kongo yetu, kule Rutshuru, ndani ya hifadhi ya Virunga, pana mahali panapoitwa Mayi ya Moto kwa sababu hiyo. Kule Katanga, mahali paitwapo Kiabukwa, maji yana joto la digrii 91. Mwaka 1952 wazungu wa migodi waliyatumia kuendesha mtambo mdogo wa umeme. Fikiri basi, maji yenye nguvu ya kuzungusha mashini yatafanya nini juu ya ngozi ya mtu!

Katika nchi ya Uganda, wilaya ya Sheema, zipo chemchemi za Kitagata. Moja waliipa jina la Mulago, ndilo jina la hospitali kubwa ya Kampala, maana watu huamini ya kuwa inaponya. Watu wenye maumivu ya viungo hukaa humo kwa saa nyingi. Katika Rwanda, karibu na Gisenyi, kando ya ziwa Kivu, watu hufanya vivyo hivyo, na wengine husingwa miguu na mgongo. Katika Kenya, karibu na Naivasha, wamejenga bwawa la kuogea linalopata maji ya moto kutoka mitambo ya umeme ya Olkaria.

Wazungu nao wana desturi hii tangu zamani. Katika Ubelgiji uko mji uitwao Spa. Matajiri na wafalme walikwenda huko kunywa maji ya chemchemi, hata mfalme mkuu wa Urusi, Petro, alifika mwaka 1717. Leo nyumba za kuogea za namna hii, katika nchi nyingi, huitwa kwa jina la mji huo. Basi usione haya kama bibi yako anapenda maji ya moto. Wafalme waliyapenda pia.

MAJI YANAFANYA NINI MWILINI?

Yanafanya kazi tatu, nazo ni za kweli.

Kwanza, joto hupanua mishipa ya damu na kulegeza nyama za mwili zilizokaza. Kwa hiyo maumivu ya mgongo, ya magoti na ya mabega hupungua kwa muda.

Pili, maji hubeba mwili. Mtu akisimama katika maji yafikayo shingoni, miguu yake hubeba kama sehemu moja tu katika kumi ya uzito wake. Kwa hiyo mguu dhaifu usioweza kumbeba mtu juu ya nchi kavu unaweza kufanya kazi ndani ya maji. Hapo mguu hujifunza tena.

Tatu, mgonjwa anapumzika. Ameacha shamba na kelele za nyumba, amekaa na wenzake, watu wanamshika kwa upole. Hilo nalo ni dawa, msomaji, usilicheke.

Lakini tazama: katika kazi hizi tatu hakuna hata moja ya kuua mdudu wa ugonjwa ulio ndani ya damu.

MTU MKUBWA ALIYEPOOZA

Nitakuambia habari ya mtu mmoja ambaye dunia yote ilimjua. Jina lake Franklin Roosevelt, wa Marekani. Mwaka 1921, akiwa na miaka 39, alishikwa na ugonjwa wa polio, na miguu yake ikapooza. Mwaka 1924 alisikia habari za maji ya Warm Springs katika jimbo la Georgia. Maji yale si ya kuchemka, ni vuguvugu tu, kama digrii 31. Aliogelea humo, akaona miguu yake inapata nguvu kidogo. Alifurahi sana hata mwaka 1926 akapanunua mahali pale, akafanya nyumba ya wagonjwa wa polio, wapate kuogelea na kufundishwa kutembea.

Je, alipona? La. Tangu mwaka 1933 alikuwa rais wa nchi kubwa, mwenye mali na waganga wengi. Alirudi katika maji yale mara nyingi, na mwaka 1945 alikufa huko huko Warm Springs. Lakini miguu yake haikurudi kamwe kuwa kama zamani. Alitembea hatua chache tu, kwa vyuma miguuni na kwa kushika mkono wa mtu.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1938 Roosevelt alianzisha chama cha kukusanya fedha za kupigana na polio. Watu maskini na matajiri walitoa senti zao kidogo kidogo. Fedha hizo zilisaidia kazi ya mganga Jonas Salk, na mwaka 1955 ikatangazwa ya kuwa chanjo yake ya polio inafanya kazi. Unaona? Maji yalimfariji mtu mmoja. Chanjo imefunga mlango wa ugonjwa kwa mamilioni ya watoto.

Polio ya asili imekwisha katika Afrika, na jambo hilo lilitangazwa mwaka 2020. Lakini mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, virusi vya namna nyingine, vilivyogeuka kutoka chanjo ya matone, vinaweza kuenea. Mwaka 2017 vilionekana katika jimbo letu hili la Maniema. Basi mtoto wako akilegea ghafula mguu au mkono, usimtafutie maji ya moto. Mpeleke kituo cha afya siku ile ile. Watachukua choo chake mara mbili, siku mbili mbalimbali, wakipeleke kupimwa. Hufanyi hivyo kwa ajili ya mtoto wako peke yake, bali kwa ajili ya watoto wa kijiji chote.

MWANAMKE MWENYE KITAMBAA CHA MOTO

Yuko mwingine ninayependa kumtaja, maana alikuwa mwuguzi kama sisi. Jina lake Elizabeth Kenny, wa Australia, aliyefanya kazi mashambani mbali na hospitali. Siku zile waganga walifunga miguu ya watoto wa polio kwa mbao na plasta, isitikisike, na miguu ilizidi kukauka. Tangu mwaka 1911 huyu mama alifanya kinyume. Alichovya vitambaa vya sufi katika maji ya moto, akavikamua sana, akavizungusha juu ya nyama zilizokaza. Maumivu yakitulia, alikunja na kukunjua viungo kwa upole, akimfundisha mtoto kuvitumia tena. Waganga wengi walimpinga. Lakini alipofika Marekani mwaka 1940, wengi walikubali njia yake, na mbao zile zikaachwa.

Jifunze mambo mawili kwake. La kwanza, hakuhitaji chemchemi. Alikuwa na ndoo, kitambaa na mikono miwili. La pili, kazi kubwa haikuwa ya maji. Maji yalifungua mlango, na mazoezi yakaingia. Mtu akikandwa kila siku lakini hatikisi kiungo chake, amefungua mlango na kukaa nje.

YALE AMBAYO MAJI HAYAWEZI

Nitayataja wazi, maana hapa ndipo watu wanapopotea.

Homa. Mtoto ana joto kali, naye anafunikwa blanketi juu ya chungu cha majani ajifukize. Mvuke hauui malaria. Unamwongezea mtoto joto, unamnyima maji mwilini, na chungu kikipinduka unamwunguza. Mvue nguo, mnyweshe, mpeleke akachomwe kidole kupimwa damu. Malaria ya mtoto haingoji kesho.

Kifua kikuu. Kikohozi kikizidi majuma mawili, kapime makohozi. Hakuna maji wala mvuke utakaokiponya. Vidonge vya miezi mingi ndivyo.

Ukoma. Watu hunijibu: “Lakini Naamani alioga katika Yordani akapona!” Ndiyo, alioga. Lakini soma vizuri. Hakutumwa huko kwa sababu maji ya Yordani ni dawa ya ukoma. Wengi walioga humo kila siku, na ukoma wao ulibaki. Aliponywa na Mungu, na maji yalikuwa njia ya kumfundisha kutii. Leo vipo vidonge vya ukoma, bila malipo, vya miezi 6 au miezi 12. Mtu akianza mapema, hapotezi vidole wala macho. Na anayekataa vidonge kwa sababu ya Naamani anafanana na Naamani yule wa kwanza, aliyekasirika kwa sababu aliambiwa jambo rahisi.

Tena ukoma huua hisia za miguu na mikono. Mtu huyo akitia mguu katika maji ya moto hajui kama anaungua. Nimefunga vidonda vya namna hii, na najua jinsi vinavyokawia kupona. Maji yenye joto la digrii 60 huunguza ngozi mpaka ndani kwa muda wa kuhesabu tano tu. Mwenye ukoma na mwenye ugonjwa wa sukari wasitumie maji ya moto miguuni. Mwenye ukoma atumie maji ya baridi ya kawaida: aloweke miguu kila siku muda wa nusu saa, asugue sugu kwa jiwe la kukwaruza, kisha apake mafuta, hata mafuta ya mawese yanafaa, ili ngozi isipasuke.

Mguu uliopinda tangu kuzaliwa. Bibi hukanda na kukanda, na miezi inapita. Mguu huo hunyoshwa kwa mkono wa mtu aliyefundishwa, na kufungwa plasta mpya kila juma kwa majuma kadhaa. Ukianza mtoto akiwa mchanga, hukubali vizuri. Ukingoja, mfupa hukomaa ukiwa umepinda.

MAMA ALIYEZAA

Hapa nawasemesha akina bibi kwa heshima. Mnapenda kumkanda mzazi kwa maji ya moto sana ili tumbo lirudi na damu mbaya itoke. Nia yenu ni njema. Kumwogesha kwa maji vuguvugu, kumpumzisha, kumpikia uji, kumbebea mtoto, hayo ni mema, yazidisheni. Lakini maji yanayochemka juu ya tumbo na katika njia ya uzazi yanaunguza ngozi laini, na mama hulia kwa kukandwa kuliko alivyolia kwa kuzaa. Tumbo la uzazi hurudi lenyewe, na mtoto akinyonya husaidia lirudi upesi. Kama damu inatoka nyingi, au inanuka, au mama ana homa, msikande. Huo ni mwito wa hospitali, hata kama ni usiku.

UKIFIKA KWENYE CHEMCHEMI

Simkatazi mtu mwenye viungo vinavyouma kwenda kuoga akiwa na nafasi na nauli. Lakini ashike haya. Asiingie mahali panapotoka maji yakichemka, bali chini, yanapokuwa yamepoa. Asikae zaidi ya dakika 20, kisha anywe maji safi. Mwenye moyo mgonjwa, mwenye tansio kubwa, mwenye mimba na mwenye kidonda kibichi waulize mganga kwanza. Vidonge vya tansio, vya sukari na vya kifua kikuu viende naye katika mfuko, visiachwe nyumbani.

Tena maji yasiingie puani. Katika mji wa Bath, Uingereza, ziko nyumba za kuogea zilizojengwa na Warumi juu ya chemchemi ya moto. Mwaka 1978 msichana mmoja aliogelea humo akafa kwa ugonjwa wa ubongo. Ulitoka kwa kijidudu kinachopenda maji ya moto, kinachoingia kwa pua. Bwawa likafungwa. Ni jambo la mara chache, lakini linatufundisha ya kuwa maji yatokayo ardhini si safi kwa sababu tu yana moto.

FANYA HIVI NYUMBANI

Kwa mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, au mwenye viungo vilivyokaza:

1. Apimwe tansio kwanza. Akipewa vidonge, ameze kila siku, hata akijisikia mzima.

2. Akiwa bado kitandani, mgeuze kila saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya mgongo. Mketishe wima anapokula na kunywa, asipaliwe.

3. Pasha maji katika sufuria. Jaribu kwa kiwiko cha mkono wako mwenyewe, si kwa mkono wa mgonjwa. Yakikuchoma, yapoze. Yawe kama ya kumwogesha mtoto mchanga.

4. Chovya kipande cha kikwembe kizito, kikamue sana, kiweke juu ya kiungo kilichokaza kwa dakika 15. Kikipoa, chovya tena.

5. Kisha kunja na kunyosha kila kiungo polepole, mara kumi, asubuhi na jioni: vidole, kiwiko, bega, goti, kisigino. Usivute mkono uliopooza kwa nguvu, maana bega hutoka mahali pake.

6. Mwache ajaribu mwenyewe. Mtu akifanyiwa yote, mkono wake husahau kazi.

7. Panda miti miwili uani na kufunga mti mrefu juu yake, ashike akijifunza kusimama. Mtu mmoja awe nyuma yake daima.

Usihesabu siku. Hesabu miezi. Mwezi wa kwanza ataketi, mwingine atasimama, pengine atafika mlangoni. Na kama hafiki, bado ameepuka vidonda na maumivu, naye anakula mezani pamoja na watoto wake.

ANAHITAJI MTU

Sasa neno langu la mwisho, nalo nawaambia wauguzi wenzangu na wakristo pia.

Katika Injili ya Yohana tunasoma habari za birika la Bethesda. Palikuwa na mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38. Maji yalikuwa karibu naye. Aliyaona kila siku. Lakini alilalamika ya kuwa hana mtu wa kumtia majini. Basi hakukosa maji, alikosa mtu.

Vivyo hivyo nyumbani mwetu. Mto Luama haukauki, na kuni zipo. Lakini mgonjwa aliyepooza amelala peke yake katika chumba cha nyuma, na watu wote wamekwenda shambani. Akisikia habari za maji ya mbali, moyo wake unaruka, maana angalau atabebwa, ataguswa, atasemeshwa. Mara nyingi hilo ndilo analolitafuta kuliko maji.

Kwa hiyo nasema: hospitali isitoe vidonge tu na kumwambia mgonjwa aende zake. Imfundishe mtu mmoja wa nyumba yake jinsi ya kumgeuza, kumkanda na kumsimamisha, kabla hajatoka mlangoni. Na kila kanisa liweke zamu: mama mmoja Jumatatu, kijana mmoja Jumatano, shemasi Ijumaa, wafike kwa mgonjwa na kufanya naye mazoezi kwa nusu saa. Fedha za safari ya chemchemi, ambazo mngetafuta kwa kuuza mbuzi, mnunue vidonge vyake vya miezi mingi, na fimbo nzuri ya kutembelea.

Maji yako tayari sufurianil mwako. Mgonjwa anangoja. Nani wa nyumba yenu atakayekwenda kwake jioni ya leo?